Zawadi za Wakimbiaji: Hotuba ya Halmashauri ya Michezo

Ndugu wanachama,

Fedha za mbio zetu ni michango yenu, basi tusizitupe. Mwaka jana tuligawa fulana za kipimo kimoja: wembamba ziliwapwaya, wanene ziliwabana, na maji yakaisha kabla wa mwisho hawajafika. Kosa hilo ni letu.

Mkimbiaji akifika hutaka maji, chai ya sukari na ndizi. Kisha hutaka nishani ya kuwaonyesha watoto, yenye jina la mbio na mwaka. Huko Afrika Kusini, katika mbio za Comrades zilizoanza 1921, kila amalizaye kwa muda uliowekwa hupata nishani, si washindi peke yao.

Basi tunaomba mkubali: fulana tuziache, kila amalizaye apate nishani, na maji yamngoje wa mwisho.