Bahari Inayoonekana Ng'ambo: Lugha za Kale na Mtafsiri wa Kimanda



Nimeombwa nizungumzie lugha za kale na mifumo ya maandishi katika utafiti wa Biblia. Ni mada inayomfanya msikilizaji atafute kiti cha karibu na mlango. Kwa hiyo nitaanzia ziwani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Manda, pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa. Nilikaa mchangani na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akiziba matundu ya wavu wake. Nikamsomea Marko sura ya 4: jioni imeingia, Yesu na wanafunzi wanavuka, dhoruba inawakuta. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi yake. Kisha akasema: "Mwalimu, watu hawa wameanza safari jioni na wanataka kufika ng'ambo. Basi ng'ambo ni karibu. Mbona mnaiita bahari? Hili letu ni ziwa, na ng'ambo yake ni nchi nyingine."

Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Hilo si jibu. Ni kumfungia mtu mzima mlango usoni. Mhadhara huu ni deni ninalomlipa mzee yule.

1. Ziwa linaloitwa bahari

Mzee alikuwa na haki ya kushangaa. "Bahari" ya Galilaya ina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13. Kina chake hakifiki mita 50. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kinakaribia mita 700. Aliyezoea Nyasa akiambiwa kwamba kile kidogo ndicho bahari, lazima aulize.

Marko aliandika Kigiriki, na neno alilotumia ni thalassa, yaani bahari. Ila chini ya Kigiriki chake kuna lugha nyingine. Kwa Kiebrania maji yote makubwa ni yam. Bahari ya Kati ni yam. Ziwa la Galilaya, katika Hesabu 34:11, ni yam ya Kinerethi. Hata birika la shaba la Sulemani, ambalo mdomo wake ulikuwa dhiraa kumi tu, ni yam. Ndiyo maana katika Biblia yetu ya Kiswahili linaitwa bahari ya kusubu, na watoto wa shule ya Jumapili hucheka.

Sasa fungueni Luka 5:1. Hapo ni "ziwa". Katika Injili nne, Luka peke yake analiita limnē, ziwa, na halibadilishi jina hata mara moja. Huyu, kwa mapokeo ya kanisa, ndiye aliyeandika Matendo ya Mitume, na sura ya 27 ya kitabu hicho ni habari ya jahazi lililovunjika katika bahari ya kweli.

Neno moja kwa maji yote makubwa si jambo geni kwetu. Livingstone alipofika upande wa kusini wa ziwa letu mwaka 1859, jina alilolipeleka Ulaya lilikuwa Nyasa, neno ambalo kwa Wayao ni ziwa tu, maji makubwa. Tangu hapo tunasema "Ziwa Nyasa", yaani Ziwa Ziwa.

2. Kitanda au fimbo

Nitoke kwenye maneno niingie kwenye herufi. Kabla ya herufi za Kilatini, Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulitufikia kwa njia hiyo. Kiarabu kina alama tatu za irabu: a, i na u. Kiswahili kina irabu tano. Basi "mtu" na "mto" vikaandikwa sawasawa, na "pita" ikafanana na "peta". Aliyelijua shairi hakupotea. Mgeni alibaki akikisia.

Biblia ya Kiebrania ilipita njia hiyo hiyo, tena nyembamba zaidi, kwa sababu kwa muda mrefu iliandikwa kwa konsonanti karibu tupu. Alama za irabu tunazoziona leo ziliwekwa na wanazuoni Wayahudi, Wamasora wa Tiberia, katika karne za kwanza za Uislamu. Nakala kamili ya zamani kuliko zote ya kazi yao iliandikwa yapata mwaka 1008, na sasa imehifadhiwa St Petersburg.

Tazameni Mwanzo 47:31. Yakobo amezeeka, amemwapisha Yusufu kwamba hatamzika Misri, kisha anainama. Anainama juu ya nini? Herufi ni tatu: m, t, h. Ukisoma mittah, ni kitanda. Ukisoma matteh, ni fimbo. Wamasora walisoma kitanda. Wayahudi wa Aleksandria, waliotafsiri Torati kwa Kigiriki zaidi ya miaka elfu moja kabla ya nakala ile ya St Petersburg, walisoma fimbo. Na mwandishi wa Waebrania 11:21 aliwafuata. Biblia ya Kiswahili imetafsiri kila kitabu kwa uaminifu, kwa hiyo Yakobo yule yule ana kitanda katika Mwanzo na fimbo katika Waebrania.

Mtafsiri wa Kimanda, lugha ya Wamanda wa mwambao wa ziwa, mwenye Biblia ya Kiswahili peke yake akifika hapo ataona kosa, na kwa nia njema kabisa atalisahihisha: ataifuta fimbo aweke kitanda, au kinyume chake. Mwenye kuzijua herufi zile tatu ataviacha vyote viwili vikae mahali pake, kwa kuwa anajua kilichotokea.

3. Vigae

Walio mwambao wanawajua Wakisi, majirani wa Wamanda, ambao akina mama wao hufinyanga vyungu vinavyouzwa pwani yote ya ziwa. Chungu kikivunjika kwetu, kigae hutupwa. Katika Yuda ya kale kigae kiliokotwa kikawa karatasi.

Mwaka 1935 mwanaakiolojia Starkey alichimba magofu ya Lakishi akakuta, katika chumba cha walinzi kilichoungua, vigae vilivyoandikwa kwa wino. Ni barua za kijeshi za siku za mwisho kabla majeshi ya Babeli hayajaimaliza Yuda. Barua mojawapo inataja Lakishi na Azeka, miji miwili ile ile ambayo Yeremia 34:7 inasema ndiyo ilikuwa bado imesimama. Lakini ninayoipenda mimi ni ile ya ofisa aitwaye Hoshayahu. Mkubwa wake alikuwa amemwandikia kana kwamba hajui kusoma. Hoshayahu ameumia: anaapa kwamba hajawahi hata siku moja kumwita mtu amsomee barua. Nchi imo hatarini, na mtu anagombea heshima yake ya kusoma!

Herufi za Hoshayahu hazifanani na zilizo katika Biblia za Kiebrania za leo. Hizi za leo, zenye umbo la mraba, zilitoka kwa Waaramu na kuenea baada ya uhamisho. Anayenakili kwa mkono hukosea kulingana na umbo la herufi alizo nazo. D na R za Kiebrania zinafanana kama mapacha. Ndiyo maana Mwanzo 10:4 ya Kiebrania ina Dodanimu na 1 Nyakati 1:7 ina Rodanimu. Usipoijua sura ya herufi, utatafuta makabila mawili mahali palipo na kabila moja.

4. Akakulisha

Hapa wanafunzi wangu hunong'ona: Kiebrania ni kigumu. Kigumu kwa nani? Chukueni Kumbukumbu 8:3, neno moja la Kiebrania: wayyaakhilkha. Mwingereza analihitajia maneno manne au matano. Kiswahili kinalibeba kwa moja: akakulisha. Tulifungue. Wa- ya mwanzo inaendeleza hadithi, kazi ile ile ya -ka- yetu. Ya- ni mtendaji, kama a-. Mzizi ni kula. Mpangilio wa irabu ndani yake unafanya kazi ya -sh- katika "lisha". Na -kha mwishoni ni -ku-, wewe. Mtoto wa Manda anayesema "akakulisha" ameshaifanya sarufi hii bila kufundishwa.

Tena kuna msamiati. Tunaposema sita, saba, tisa, tunahesabu kwa maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, ambayo ni binamu wa shesh, sheva na tesha ya Kiebrania. Damu ni dam. Kaburi ni qever. Kitabu, katibu na maktaba vina mzizi ule ule ambao kwa Kiebrania ni kuandika. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyetoa Biblia yake ya Kiswahili mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu ili lugha iwe ya Kibantu zaidi. Nia yake naielewa. Ila mengi ya maneno ya asili ya Kiarabu aliyoyatoa mlangoni yalikuwa na ndugu zao ndani ya nyumba ya Musa.

5. Amefufuka lini?

Nimefika kwenye hoja yangu yenyewe. Wengi hudhani lugha ndogo inahitaji utaalamu mdogo: Waingereza wajifunze Kigiriki, Waswahili wasome Kiingereza, na Wamanda wapokee kutoka Kiswahili. Mimi naona ni kinyume. Lugha zetu za kanda hii hulazimisha maamuzi ambayo lugha kubwa ziliruhusu yafichwe.

Mimi ni Mbena. Kwa Kibena, jambo la leo asubuhi halibebwi na umbo lile lile la kitenzi linalobeba jambo la enzi za babu. Kitenzi chenyewe kinakudai useme ni lini. Sasa malaika kaburini, Mathayo 28:6, anatumia neno moja la Kigiriki kwa kufufuka, ēgerthē. Ni tendo lililotimia, wala umbo lake halisemi kama ni alfajiri hii au mwaka jana. Mbena hawezi kuliacha hivyo. Anayezungumza yuko kaburini asubuhi ile ile, kwa hiyo kitenzi kiwe cha leo. Petro akihubiri siku ya Pentekoste, wiki saba zimepita, kwa hiyo umbo la leo halifai tena. Na Paulo katika 1 Wakorintho 15:4 anabadilisha umbo lenyewe: egēgertai, amefufuka na hali hiyo ingalipo. Ukiwa na Kiswahili tu utaona -me- hapa na -li- pale, na hutajua ipi ni ya Kigiriki na ipi ni ya mtafsiri aliyekutangulia. Atafsiriye kutoka tafsiri hurithi maamuzi ya mwenzake pamoja na makosa yake, na hapewi hati ya urithi.

6. Tufanye nini

Kazi ya kutafsiri kwa Kimanda, Kipangwa, Kikinga na Kibena imeshika kasi katika karne hii. Programu kama Paratext huweka Kiebrania, Kigiriki na Kiswahili kwenye kioo kimoja cha kompyuta. Ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta inakuonyesha mittah na matteh, haikuchagulii.

Sisemi kila mtafsiri awe bingwa. Nasema kila timu iwe na mtu mmoja, mwenye lugha hiyo kwa kuzaliwa, anayesoma Kiebrania au Kigiriki kwa macho yake mwenyewe. Vyuo vyetu vya theolojia vifundishe Kiebrania kuanzia "akakulisha", na visipitie sarufi ya Kiingereza kwanza. Na wazee wa ziwani waitwe mezani mapema, kabla rasimu haijakauka, kwa maana maswali yao ndiyo yanayotuonyesha mahali pa kuchimba.

Mwaka jana nilirudi Manda. Nikamkuta mzee palepale, wavu mwingine magotini. Nikamweleza habari za yam, na za Marko na Luka, na kwamba kwa mapokeo ya kale Marko aliandika aliyosimuliwa na Petro. Akaninyamazia kitambo.

"Petro si ndiye aliyekuwa mvuvi?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Na huyu mwingine, wa ziwa?"

"Msafiri. Aliiona bahari yenyewe."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi acheni kama kila mmoja alivyosema," alisema. "Msije mkawapatanisha."