Karatasi Isiyosema Kitu

Leo nazungumza na yule aliyetoka hospitali na karatasi ya majibu mkononi, akaisoma ndani ya basi, akaisoma tena nyumbani, na mpaka sasa hajui kama ni mzima au mgonjwa.

Chukulia mchuma chai wa Mufindi. Ameanza kuona kidole gumba cha kulia hakibani jani kama zamani. Kapu lililokuwa likijaa saa nne, sasa linajaa saa sita. Mkono hauumi wala haufi ganzi, ila nyama ya chini ya kidole gumba imepungua, na usiku misuli ya bega inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Amepitia zahanati, akapewa dawa za maumivu ingawa hakusema anaumia. Amefika Iringa mjini, akapimwa damu na kupigwa picha. Amepewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Ameambiwa: hatujaona kitu cha kukupa jina, rudi baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo nyumba inaposhika moto. Kijana wa sekondari ameshaingia kwenye simu, akakutana na jina la kutisha: ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ambao madaktari huuita MND, na aina yake inayojulikana zaidi ni ALS. Shangazi naye ana jibu lake: ametupiwa kitu, twendeni tukaangalie. Kijana ana uhakika, shangazi ana uhakika, daktari ndiye hana. Nasi wanadamu tunamfuata mwenye uhakika, hata akiwa anatupeleka shimoni.

Mimi leo namtetea huyo asiye na uhakika, lakini kwa masharti.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, na mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachoweza kusema peke yake: ndiyo, huu hapa. Daktari hugonga magoti kwa kinyundo, huangalia misuli, hutumia kipimo cha umeme wa misuli kama kipo, kisha huondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Halafu husubiri. Kule Ulaya, wenye mashine zote, kutoka dalili ya kwanza hadi jina la ugonjwa huchukua kama mwaka mzima. Basi mtu wa Mufindi akiambiwa miezi mitatu, asidhani amefukuzwa. Muda nao ni kipimo, kwa sababu ugonjwa huu hausimami: ulioanza kwenye kidole utapanda mkono, na ambao haupandi huenda ni kitu kingine.

Tunao ushahidi wa hilo hapa hapa Tanzania. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walianza kukakamaa miguu ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakatokea hayo hayo Mbinga, mkoani Ruvuma. Ugonjwa ule unaitwa konzo, nao hupiga neva za mwendo. Chanzo chake ni sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, kwa watu wanaokula huo muhogo karibu peke yake. Lakini angalia mwenendo wake: konzo huja kwa siku moja au chache, kisha husimama hapo hapo. Ulemavu hubaki, ila hauendelei kula mwili. Ukimwona mgonjwa siku ya kwanza tu, waweza kumpa jina lisilo lake. Ukimfuatilia, mwenendo unakueleza.

Na katika hayo magonjwa mengine yanayoondolewa, yapo yanayotibika. Uti wa mgongo uliobanwa shingoni unaweza kudhoofisha mikono hivyo hivyo. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, kaswende ya muda mrefu, kifua kikuu cha mgongo, na virusi vya Ukimwi, vyote huweza kuharibu neva au uti wa mgongo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Iringa ni 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa hiyo ukiambiwa upimwe VVU kwa sababu ya mkono dhaifu, usinune. Daktari anatafuta kitu chenye dawa. Ganzi na kuchomachoma navyo kwa kawaida huelekeza kwingine, si kwenye MND. Na misuli kuchezacheza tu, bila udhaifu wala kukonda, mara nyingi ni uchovu, kahawa au hofu yenyewe.

Sisemi hivi kufariji tu. Ukithibitika, MND ni ugonjwa mzito. Watu hupenda kumtaja mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking, aliyeambiwa anao mwaka 1963 na kuishi hadi 2018. Huyo ni wa pekee. Mchezaji wa raga wa Afrika Kusini, Joost van der Westhuizen, aliambiwa 2011, akafariki 2017, na hata yeye aliwazidi wengi, maana wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Dawa ya riluzole iliyoidhinishwa 1995 huongeza miezi, haiponyi. Ndiyo maana jina hili halifai kutolewa kwa kukisia, wala na simu, wala na shangazi.

Sasa wewe mwenye karatasi. Usiuze shamba wiki hii. Weka karatasi zote kwenye bahasha moja, mrudie daktari yule yule kwa tarehe ile ile, na uandike daftarini mkono unafanya nini: kifungo cha shati, ufunguo, kapu. Ila udhaifu ukija ghafla, ukianza kupaliwa na chakula, ukikosa pumzi unapolala, au miguu ikilegea na mkojo ukaziba, usingoje tarehe. Nenda siku hiyo hiyo.

Nawe daktari, nakuheshimu, lakini "rudi baada ya miezi mitatu" inayosemwa mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango haitoshi. Mtu huyu amekopa nauli, amelala kwa ndugu huko Mwanjelwa, Mbeya, amemwacha mtoto kwa jirani, na karatasi yake imejaa Kiingereza. Chini ya hicho Kiingereza mwandikie kwa Kiswahili: tumeondoa magonjwa haya, bado tunafikiria haya, ukiona hili uje mapema. Ni dakika tano. Mpe.