Manufaa ya Ngoma kwa Watoto
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Elimu mbele ya masheha, walimu na wazazi)



Nimetakiwa nizungumzie manufaa ya ngoma kwa watoto. Wazee wetu walisema ngoma ya watoto haikeshi, na kwa maana waliyoikusudia walisema kweli. Lakini nachelea kwamba sisi tumeufanya msemo huo kisingizio cha kutoianzisha ngoma yenyewe.

Katika skuli moja niliyoikagua niliomba kuoneshwa ngoma. Mwalimu alifungua stoo. Zilikuwemo chapuo mbili na vumi moja, chini ya madawati mabovu, na ngozi ya vumi imelegea kwa unyevu wa masika. Nikaambiwa hutolewa anapokuja mgeni rasmi. Yaani watoto wale hupigishwa ngoma kwa ajili yetu sisi wenye vyeo, na tukishapanda magari yetu mlango hufungwa.

Tulizianika, tukazipasha moto, tukawapa wanafunzi wa darasa la pili. Vumi hupigwa mapigo machache mazito, na chapuo hujaza katikati yake. Mtoto aliyeshika vumi alikuwa na pupa, na kila alipoharakisha, ngoma nzima ilivurugika. Hakuna aliyemkaripia. Wenzake walimtazama tu, naye kidogo kidogo akajifunza kungoja. Mwalimu wake alinong'ona kwamba mtoto huyo hangoji hata zamu ya kunywa maji.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2009 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wa Taasisi ya Max Planck iliyopo Leipzig, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu. Watoto hao waliufuata mdundo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu kuliko walipofuata mashine au sauti tupu. Mwaka uliofuata walionesha kwamba watoto wa miaka minne waliokwisha kufanya muziki pamoja walikuwa wepesi zaidi wa kusaidiana. Kwa hiyo kumwachia mtoto redio au simu hakutoshi. Anahitaji mtu wa kumtazama uso na mikono.

Wapo wazazi wanaoiona ngoma kuwa upotovu. Siwalaumu, zipo ngoma za watu wazima, nazo zina mahali pake. Lakini watoto wetu hupiga dufu katika maulidi na hakuna anayelalamika. Na ndugu zetu wa Pemba wana msewe, ambao njuga zake za ukindu, zikifungwa miguuni, humlazimisha mchezaji kuipima kila hatua. Wazee wa mtaa wanajua ipi inawafaa watoto, waulizwe.

Wala asiachwe darasani mtoto kiziwi. Bibi Evelyn Glennie wa Scotland, aliyekuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa alipofika umri wa miaka 12, amekuwa mpiga ngoma mashuhuri duniani. Hupiga bila viatu ili apokee mtikisiko wa sakafu.

Ndugu zangu, siombi fedha. Nakuombeni masheha mwatafute wazee wanaojua kuwamba ngoma, kabla hawajatutoka. Nakuombeni walimu mtenge saa moja kwa wiki, chini ya mti ulio mbali na madarasa mengine. Wadogo wapige kwa mikono bila ya fimbo, na mtoto anayeziba masikio apewe nafasi ya kukaa mbali. Na ufunguo wa stoo usikae mfukoni mwa mwalimu mkuu peke yake.

Skuli ile nitaizuru tena kabla ya masika, na safari hiyo sitatoa taarifa.