TUULIZE KWANZA: NI UGONJWA GANI?
(Mazungumzo na vikundi vya wakulima)



Leo tuongee juu ya mizabibu. Mnaikumbuka ile miche tuliyonunua kwa pesa za akiba. Mvua ndefu zilipofika, majani yalishikwa na ukungu, na matunda yakawa meusi, yakakaukia kwenye vichala. Sasa tunaambiwa tuchange tena, tuagize mzabibu wa Texas, Marekani, ambao ati hauguswi na ugonjwa. Kabla hatujatoa hata shilingi moja, tuuchunguze.

Unaitwa Lenoir. Wengine huuita Black Spanish au Jacquez. Ni mzabibu wa zamani, umejulikana tangu miaka ya 1800, na una asili ya mizabibu ya mwitu ya Marekani pamoja na ile ya Ulaya. Kule Del Rio, Frank Qualia, mhamiaji kutoka Italia, alianzisha kiwanda cha divai mwaka 1883, na jamaa yake wameutegemea mzabibu huo vizazi kadhaa.

Kwa nini umedumu? Katika sehemu zenye joto za Texas, hasa pwani yenye unyevu, kuna ugonjwa uitwao Pierce. Wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mmea hueneza bakteria, nao huziba mishipa ya maji. Majani huungua pembeni kana kwamba yamepitiwa na moto, na mzabibu wa Ulaya hufa baada ya miaka michache. Dawa ya kuuponya hakuna. Lenoir nao huingiwa na bakteria hao, lakini huendelea kuishi na kuzaa. Hiyo ndiyo maana ya kuvumilia.

Lakini wenye mashamba huko hawalali! Lenoir hushikwa na ukungu wa majani na hata ule uozo mweusi wa matunda. Kwa hiyo huipandisha mizabibu juu ya nyaya, katika mistari yenye nafasi, ili hewa ipite. Hupogoa kila mwaka. Matunda yaliyokauka huyaondoa shambani. Dawa ya ukungu hupigwa mapema, kabla ugonjwa haujaonekana. Na kwa kuwa zabibu zake ni chachu, wengi huzitengenezea divai tamu yenye nguvu.

Basi, jamani, ni nini kilichoharibu miche yetu? Ni ukungu, si bakteria wale. Lenoir usingetuokoa. Tungechanga mara ya pili na kulia mara ya pili.

Tunashauri hivi. Mchango usimame kwanza. Tupeleke jani na tunda lenye ugonjwa kwa afisa wa kilimo. Mtu akituuzia mche, tumwulize: unavumilia ugonjwa gani? Haumudu upi? Nani atanunua mazao? Na miche ya nchi za nje isiingizwe bila kibali cha KEPHIS, tusije tukajiletea ugonjwa ambao hatukuwa nao.

Tukipata majibu mazuri, tuanze na miche mitatu tu katika shamba la mwanachama mmoja. Tuitazame mvua mbili zipite. Pesa ya akiba ni jasho la mtu, na zingine ni karo za watoto. Tusizipande mahali tusipopajua.