Kompyuta Zetu za Zamani na Kumbukumbu za Miradi
(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya makatibu na watunza hazina wa majimbo)



Tunashukuru kupewa nafasi hii, ingawa saa ya baada ya chakula cha mchana ni ngumu kwa msemaji na kwa wasikilizaji. Tutajitahidi msisinzie.

Mapema mwaka huu ofisi yetu ya miradi ilihamisha stoo. Nyuma ya mabomba ya visima yaliyobaki tulikuta kompyuta ya zamani imefunikwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, pamoja na sanduku la disketi 47, zile ndogo za inchi tatu na nusu. Kazi ilisimama. Kila aliyepita alikuwa na la kusimulia. Wenzetu wa siku nyingi walikumbuka chumba cha kompyuta cha miaka ya 1990, chumba pekee chenye zulia, ambacho mtu alivua viatu mlangoni kama Musa penye kijiti.

Vijana walicheka, lakini heshima ile ilikuwa na sababu. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata masharti yalipolegezwa ofisi nyingi za kanisa ziliendelea na mashine za taipu, karatasi za kaboni na stensili. Ukikosea neno kwenye stensili ulipaka dawa, ukapuliza, ukasubiri. Halafu ikaja WordPerfect 5.1, programu iliyotolewa mwaka 1989: kioo kitupu cha buluu, hakuna picha, na kipanya hakikuhitajika. Mama zetu makatibu muhtasi waliweka kipande cha karatasi ngumu juu ya vitufe vya F1 hadi F12 kuonyesha kila kimoja kinafanya nini, na baada ya miezi michache hawakukitazama tena. F10 kuhifadhi, F7 kutoka. Barua ya mfadhili iliyorudishwa na masahihisho matano haikuchapwa upya yote. Kwa aliyewahi kuchapa mapendekezo ya mradi mara nne kwa taipu, hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Sisi tulioingia vyuoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuna ya kwetu. Tulitembea na disketi mfukoni, megabaiti 1.44, na ndani yake ripoti nzima ya mafunzo kwa vitendo pamoja na virusi kutoka intaneti kafe. Na mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, wengine wetu tulifungua menyu moja baada ya nyingine kwa furaha tu ya kuzisoma.

Tunachokikumbuka zaidi, tukisema kweli, ni utulivu. Mashine ilifanya jambo moja kwa wakati, wala haikukuletea ujumbe wa harusi katikati ya bajeti. Programu ilinunuliwa mara moja ikawa yako. Leo tunalipia leseni kwa fedha za mradi, na mradi ukiisha tunaanza kuhangaika. Lakini tusijidanganye. Umeme ulipokatika, kazi ya saa mbili ilikwenda nao. Maelekezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na katika ofisi nzima walioweza kuitumia mashine ile walikuwa wawili.

Wiki hiyo hiyo walikuja wazee wa kijiji kimoja. Mwaka 1993 tulichimba kisima kifupi kwao, na kaya zaidi ya mia moja zinachota hapo mpaka leo. Sasa familia moja inataka kuuza eneo lenye kisima, na familia nyingine inasema babu yao ndiye aliyelitoa kwa usharika. Waliuliza swali dogo: maandishi yenu yanasema nani alitoa ardhi?

Fomu yenye sahihi ililiwa na mchwa pamoja na faili lake. Tukarudi kwenye sanduku. Tulipata kifaa cha kusomea disketi cha kuchomeka kwenye kompyuta za sasa, tukazijaribu zote. Zilizofunguka ni 29. Nyingine zina ukungu, na moja ilikwaruza hadi tukaiondoa haraka. Disketi iliyoandikwa mkataba wa kijiji kile haikusomeka. Rejista ya visima, iliyotengenezwa kwa dBASE, ilifunguka vizuri kabisa, na kisima chetu kimo: tarehe, kina, idadi ya pete za zege. Ila aliyeitengeneza alikuwa anabana nafasi, akaipa safu ya jina la mtoa ardhi herufi 15. Jina la kwanza lipo, la baba lipo, ukoo umekatwa. Na kijijini kuna marehemu wawili wa koo mbili wenye majina hayo hayo.

Tulimwendea mama aliyeingiza taarifa zile, ambaye amestaafu. Anaamini anamkumbuka mzee aliyekuja kuweka dole gumba, lakini hataki kuapa. Serikali ya kijiji imeziita familia zote mbili, nasi tutakwenda na karatasi yenye jina nusu.

Ndiyo maana katika barua ya mwaliko tuliwaomba mje na disketi za majimbo yenu. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011, na vifaa vya kuzisomea vinazidi kuadimika. Kabla ya kuingiza disketi, sukumeni kile kipande kidogo cha pembeni ili tundu lionekane wazi, kusudi mashine isiweze kuandika juu yake. Yenye ukungu msiiingize. Itachafua kifaa na kuharibu zinazofuata. Zitakazofunguka, programu ya bure ya LibreOffice inasoma mafaili ya WordPerfect na ya dBASE. Tutayachapa kwenye karatasi, na nakala mbili zitakaa katika ofisi mbili tofauti.

Kifaa kitakuwa kwenye ile meza ya dirishani hadi kesho saa sita mchana. Jimbo lenye disketi moja lisione aibu. Zile pana za inchi tano na robo kifaa hiki hakizisomi. Tuachieni, zikiwa zimeandikwa jina la jimbo, tuzitafutie mashine.