Maji Ndani ya Mpira wa Hewa
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

Leo hatukuja na habari za mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya maji, lakini si ya kisima. Ni yale yanayojificha ndani ya kompresa.

Tulitembelea kikundi kimoja chenye karakana nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Walikuwa wamepuliza rangi makabati, na baada ya siku mbili rangi ikafanya malengelenge. Mteja akayakataa. Basi lawama zote zikamwangukia mama aliyetumwa dukani: eti alinunua rangi ya bei rahisi, chenji akatia mfukoni. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Tukaomba koki iliyo chini ya tangi ifunguliwe. Yakatoka maji mekundu ya kutu, zaidi ya lita mbili! Haikuwa imefunguliwa tangu mashine inunuliwe.

Maji hayo hutoka wapi? Hutoka katika hewa hii tunayovuta. Kwenye joto la digrii 30, hewa iliyoshiba unyevu hubeba karibu gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa huishindilia hewa hiyo ikapata moto, kisha ikipoa maji hujitenga, kama umande wa alfajiri juu ya mabati. Kwa hiyo kila kompresa hupata maji, hata iwe mpya.

Tufanye nini?

Kwanza, fungueni koki ya tangi kila jioni, hewa ikiwa imebaki kidogo tu. Ni kazi ya dakika mbili. Msipofanya hivyo, tangi huliwa na kutu kwa ndani, mahali pasipoonekana, na siku moja laweza kupasuka na kuua mtu.

Pili, paipu ilazwe kwa mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na kompresa, na mwisho wake iwe na koki ya kutolea maji. Tawi la kwenda kwa fundi lianzie mgongoni mwa paipu, lipinde ndipo lishuke. Likianzia tumboni, maji yatalifuata.

Tatu, kichujio, kile kikombe kidogo cha kunasa maji, kisifungwe karibu na kompresa. Hapo hewa ingali moto na maji yake ni mvuke, hupita tu. Kifungeni karibu na anayepuliza, hewa ikiwa imeshapoa, na kimwagwe kabla hakijajaa.

Nne, tumieni paipu za chuma. Zile za plastiki za maji ya nyumbani msiziguse kwa kazi hii. Zikipasuka, vipande huruka kama visu.

Yule mama aliombwa msamaha mbele ya wote, na makabati yakapigwa msasa na kupakwa upya. Hasara ilikuwa ya kikundi kizima, kwa sababu kazi ya koki haikuwa ya mtu yeyote. Basi mkirudi nyumbani, kabla ya kuulizana nani alinunua rangi, mchagueni wa kufungua koki, na jina lake mliandike ukutani.