Tusichekane kwa Harufu ya Kinywa, Tuambiane



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulisemi. Jambo lenyewe ni harufu mbaya ya kinywa.

Sote tumewahi kuona. Mtu anakuja kutuamkia, sisi tunageuza uso. Anakaa kwenye benchi klabuni, wenzake wanasogea kidogo kidogo mpaka anabaki peke yake. Akiondoka, watu wanacheka. Mwenyewe hajui, maana pua huzoea harufu ya mwili wake. Wapo wanaosema amelogwa. Wapo wanaosema tumbo lake limeoza. Je, ni kweli? La, si kweli.

HARUFU INATOKA WAPI?

Tukichukua watu 10 wenye harufu mbaya, 8 au 9 hivi harufu yao inatoka ndani ya kinywa chenyewe. Haitoki tumboni.

Kinywani mna vijidudu vidogo sana. Hatuvioni kwa macho. Tukila ndizi, maharage, ugali au samaki, mabaki hubaki katikati ya meno na juu ya ulimi. Vijidudu hula mabaki hayo, halafu hutoa hewa inayonuka. Nyuma kabisa ya ulimi ndiko vinakojificha zaidi, na huko wengi wetu hatusafishi.

Mabaki na vijidudu vikikaa juu ya meno hufanya utando. Utando usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu. Ukoga huumiza fizi, fizi zinatoka damu na usaha, na harufu inazidi. Jino lililotoboka nalo ni shimo la kuozea chakula.

Mate ni rafiki yetu, yanaosha kinywa. Usiku tukilala mate hupungua. Ndiyo maana asubuhi kila mtu hunuka mdomo, awe tajiri au maskini. Hiyo si aibu. Lakini pombe, sigara na kiko hukausha kinywa hata mchana. Basi mtu anayeshinda na kiko, kisha jioni akaenda kwenye rubisi, kinywa chake hakipumziki.

TUFANYEJE?

1. Tupige mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika 2 hivi. Dawa ya meno yenye floraidi husaidia meno yasioze. Kama mswaki wa dukani hatuna, kijiti cha mti kinafaa. Tutafune ncha mpaka iwe nyuzinyuzi, tusugue polepole. Tusikate kijiti cha mti wenye utomvu mkali kama mnyaa. Tena tusisugue meno kwa mchanga, unayala.

2. Tusafishe ulimi, toka nyuma kuja mbele, bila kuukwaruza.

3. Tukimaliza kula tusukutue kwa maji safi. Fizi zikiuma, tuweke nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu, tusukutue, tuteme.

4. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku na kuyasafisha.

HARUFU INAYOTUITA HOSPITALI

Sasa, ndugu, hapa tusikilizane vizuri. Kuna harufu ambayo haiondoki kwa mswaki. Hiyo inatuletea taarifa ya ugonjwa.

Fizi zinazotoka damu kila siku na jino linalouma ni kazi ya mganga wa meno. Mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua. Mtu mwenye kiu kali, anayekojoa sana, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, huenda ana kisukari kilichopanda. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa watoto tuwe macho zaidi. Mtoto akitoa kamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, huenda alijiingizia punje ya haragwe au ya hindi wakati akicheza. Tusiichokonoe kwa kijiti, itaingia ndani zaidi. Tumpeleke zahanati.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa lishe duni, au aliyetoka kuugua surua, akivimba fizi, zikatoka damu, na kinywa kikanuka vibaya sana, tusingoje kesho. Huenda ni noma. Ugonjwa huu hauambukizi, lakini unaweza kulioza shavu la mtoto kwa siku chache tu, na unaua. Ukiwahiwa, dawa zinausimamisha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Tukipoteza wiki nzima tukitafuta nani amemroga mtoto, tutamkosa.

TUAMBIANE

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuona haya kuzungumza juu ya choo. Kwa nini sisi tuone haya kuzungumza juu ya kinywa?

Mwenzetu akinuka mdomo, tusimseme klabuni. Tumwite pembeni, tumwambie kwa upole: "Ndugu yangu, nakuambia kwa kuwa nakupenda." Mke amwambie mume, mume amwambie mke. Na anayeambiwa asikasirike. Anayetuambia ametusaidia kuliko wale waliosogea benchini.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, tuchukue taa, tuwaambie wafungue vinywa, tuangalie. Tukishaangalia vya watoto, tuangaliane na sisi wakubwa.